Kinyozi na Shubaka la Mkewe

Mzee Nagami ni kinyozi, na ukinyozi haufichiki. Mpe tawi la mfyulisi lenye matumba, atalizunguka, atalitazama kwa jicho moja, na kabla hujamwambia ngoja, pande zote mbili zimekwisha kulingana. "Umelinyoa tena!" tunamwambia darasa zima la kupamba maua, sote wanawake, naye hucheka na sisi huku akipuliza mkasi kama yuko dukani kwake pale darajani.

Maua hayakuwa yake. Mpenda maua alikuwa mkewe, Tazuko, mwanafunzi hodari kuliko wote wa Mwalimu Adachi, na kila maonyesho ya majira ya machipuko yeye ndiye aliyepamba shubaka. Hapo ndipo mahali pa heshima katika nyumba ya Mwalimu: ukutani picha ya wino ya kijito, mbele yake chombo kimoja tu cha maua, na mtaa wetu wote wa Matsue huja kukitazama, kunywa chai na kusengenya vyombo vya sisi wengine.

Kisha kiharusi kikamshika Tazuko, mkono wake wa kulia ukalala. Shubaka likabaki wazi, na mimi nililitamani, sioni haya kusema. Mimi huuza vitamu vya maharage, na darasani nimekaa miaka nenda rudi kando ya rafu ya viatu, pale mlangoni wanapoanzia wanafunzi wapya. Baridi ya kila anayeingia hunipiga mimi kwanza.

Somo lililofuata, nani akaingia? Mzee Nagami, na ndoo ya maua ya mkewe mkononi. Akakaa palepale mkewe alipozoea kukaa.

"Nimekuja kumshikia mke wangu nafasi," akasema.

Mwalimu Adachi si mtu wa kubembeleza. "Nafasi haishikwi kwa makalio, Mzee Nagami. Siku ya maonyesho nitapita. Ua lako likifaa, shubaka linabaki la nyumba yako. Lisipofaa, nampa Kuwamoto."

Kuwamoto ni mimi. Nikainamisha kichwa kwa adabu, moyoni nikipiga vigelegele.

Majira yote ya baridi alikuja. Maua ya kila somo aliyafunga katika gazeti akampelekea mkewe nyumbani, kwa kuwa Tazuko aliapa hatakanyaga tena darasani watu wakamwonee huruma. Nilipowapelekea vitamu siku moja niliwakuta katikati ya kesi.

"Baba, hilo ni ua au askari?" Tazuko alikuwa akimuuliza mumewe.

"Nimepunguza pembeni kidogo tu."

"Nani alikuomba? Lilikuwa linaenda harusini?"

Nikamwambia Tazuko, kwa nini usijaribu kwa mkono wa kushoto? Akauficha ndani ya mkono wa nguo kama mtoto aliyeiba sukari. "Huo? Hata supu ya kome unaimwaga. Acha, dada."

Mumewe alinisindikiza hadi nje. "Akijua shubaka linamsubiri, atarudi," akaninong'oneza. "Likienda kwa mwingine, basi tena." Nilitembea hadi nyumbani nimemkasirikia, maana si vizuri kumnyima mtu raha ya kutamani kitu.

Asubuhi ya maonyesho alileta tawi la kamelia kutoka nyuma ya duka lake. Hakulinyoa. Lilipinda lenyewe kuelekea kile kijito cha picha, utadhani linataka maji, na lilibeba ua moja jekundu na tumba moja lililojificha. Nililiona, nikajua sina changu.

Kamelia ina tabia moja mbaya. Haipukutishi petali moja moja. Kichwa chote huanguka, pu, hata mbele ya wageni. Sote tunaiogopa kwa hilo.

Mwalimu akapita. Alipofika kwenye shubaka akainama, akanusa, akanusa tena.

"Mzee Nagami, tangu lini kamelia inanukia hivi?"

Nagami akaanza kuufuta mkasi wake.

"Inanukia kama marehemu mume wangu siku tulipooana."

"Ni dawa ya nywele, Mwalimu. Ya kushikilia. Niliogopa lisije likaanguka."

"Umepuliza kiasi gani?"

"Kopo... kopo zima."

Tulicheka hadi mmoja wetu akamwaga chai. Mwalimu hakucheka. Alilichuma lile ua, gumu kama kofia ya chuma, akamwekea kiganjani. Kwenye tawi yakabaki majani matupu. "Haya, endelea," akasema. Nagami akasimama na mkasi wake, na kwa mara ya kwanza hakujua akate wapi. Nilimhurumia, ingawa shubaka lilikuwa linanijia mbiombio.

"Toa jani kubwa la mbele, Baba."

Tukageuka. Tazuko alikuwa mlangoni, kaegemea fimbo, anahema. "Nimekuta kopo tupu dukani," akatuambia. "Nikajua huku kuna msiba."

"Jani lipi?" akauliza mumewe.

"Lile."

"Hili?"

"Si hilo! Lile! Unalitazama!"

Uvumilivu ukamwisha. Alivuka chumba, akampa mumewe fimbo aishike na kumpokonya mkasi kwa mkono wa kushoto. Mkasi ukauma hewa, ukauma hewa tena, kisha jani likaanguka, na nyuma yake lile tumba likatokeza, jekundu nchani tu.

Mwalimu Adachi, ambaye hajawahi kuliacha ua la mtu bila kulitia mkono, alitazama akakunja mikono yake. "Shubaka ni la kina Nagami. Kwenye kibao niandike jina la nani?"

"La Tazuko, la nani tena?" akasema kinyozi.

"Andika lake," akasema Tazuko. "Tawi kalileta yeye, na upumbavu ni wake."

"Lakini nafasi yako nimekushikia." Nagami akalia bila kujificha. "Miezi yote hii nimekushikia."

"Kaa nayo, Baba. Aliyekaa pale ni mkono ule mwingine. Huu wa kushoto ni mwanafunzi mpya."

Akarudi polepole hadi kwenye rafu ya viatu, akajishusha kwenye mkeka kwa taabu, akauweka mkasi mapajani.

"Dada Kuwamoto," akaniita, "hii ndoo ni yako?"

Nikaisogeza, akapata nafasi.