Kinyago Ofisini kwa Mwalimu Mkuu

Sogea hapa nikusimulie, wewe mzazi unayezunguka Kihonda na mjini ukiuliza shule ipi imeshika nafasi ya ngapi. Sikucheki. Hata mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo, tena kwa sauti. Nitakueleza polepole kilichonitoa huko.

Nilikuwa nafundisha hisabati darasa la saba katika shule ndogo juu ya Mlali, pale bodaboda zinapogeuzia na mashamba ya kabichi yanapoanza kupanda mlima. Kata yetu ilikuwa na desturi yake. Matokeo ya mtihani yakitoka, iwe moko, yaani ule wa majaribio, au ule wa taifa, kiliitishwa kikao cha wadau wa elimu. Walikuja walimu, diwani, wenyeviti wa vijiji na wazazi. Shule iliyoongoza ilipewa kikombe. Iliyoburuza mkia ilipewa kinyago.

Kilichongwa kwa mti mweusi, mzito, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Mdomo wazi, macho yametumbuka, masikio hakina. Sharti lake lilikuwa moja: kikae ofisini kwa mwalimu mkuu, mahali ambapo kila mgeni atakiona, mpaka matokeo mengine yakipeleke kwa wengine.

Mwaka ule, baada ya moko, kinyago kilikuja kwetu. Mwalimu wetu mkuu aliitwa mbele, akakipokea kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhiwa maiti ya mtoto, na watu wakapiga makofi. Afisa mmoja akasema kwenye kipaza sauti, "Mtihani wa taifa wa mwezi wa tisa ukikiacha kwako, mwalimu, uje na barua ya kuachia ofisi, usitusumbue kukuandikia." Watu wakacheka. Mkuu naye alicheka.

Shuleni tulijaribu utani. Mwalimu wa michezo alikipigia saluti na kusema, "Karibu mwalimu mpya wa nidhamu." Lakini watoto wa darasa la kwanza walikataa kabisa kwenda ofisini kuchukua chaki. Mmoja alijikojolea mlangoni. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nilianza kuingia mle ubavu ubavu, nikitazama ukutani.

Sasa nikueleze kuhusu wastani, maana humo ndimo hofu ilimokaa. Chukua kijiko cha chumvi ukitie kwenye pipa la maji, hutaionja. Kitie kwenye kikombe, utatema. Shule kubwa ya mjini ni pipa. Sisi darasa la saba zima lilikaa kwenye safu tatu za madawati. Mtoto mmoja akianguka vibaya, shule nzima inaonja. Na kuna jambo la pili, ambalo wazazi wengi hawalijui: wastani unapigwa kwa waliofanya mtihani. Asiyekuja hahesabiwi.

Mtoto wetu mmoja alikuwa msichana aliyekuja darasa la tano kutoka kijiji cha juu zaidi, kukaa na bibi yake. Alikuwa amepandishwa madarasa bila kujua herufi. Nilikaa naye chini ya ukuta wa jiko la shule kila mchana, uji ukichemka, tukaanza na a, e, i, o, u. Alipofika darasa la saba alikuwa anasoma. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza, lakini alisoma na alielewa. Kwenye moko alikuwa wa mwisho.

Siku moja mkuu aliniita ofisini. Kinyago kilikuwa nyuma yake, kimefunikwa khanga ambayo haikufika machoni.

"Madam, yule binti wako wa uji."

"Ndiyo, mkuu."

"Siku za mtihani anaweza kuumwa."

Akaendelea kwa sauti ya chini, "Mtoto mmoja tu, madam. Tukimtoa yeye, hesabu zinanyanyuka, dude hili linaondoka. Mimi nina watoto wanasoma chuo. Na wewe unajua walimu wa shule za mwisho wanapelekwa wapi."

Nilijua. Mwenzetu mmoja alihamishiwa mbali, huko mbele ya Gairo, akaacha mume na mtoto anayenyonya. Nilitaka kusema hapana. Nilichosema ni, "Nimekusikia, mkuu," nikatoka.

Juma lililotangulia mtihani, binti hakuonekana. Nilivumilia, nikashindwa, nikapanda kwa bibi yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, sioni hatua mbele. Kila nikisikia kikohozi njiani nilidhani ni mtu wa kata amekuja kuniuliza ninakwenda wapi. Nilijitungia majibu: nakwenda kununua ndizi, nakwenda kumwona mgonjwa.

Nilisikia sauti yake kabla sijaiona nyumba.

"U-si-pu-li-zie wa-ka-ti wa u-pe-po."

Majirani wanne walikuwa wameinamia chupa ya dawa ya kabichi. Yeye alikuwa katikati, kidole kwenye karatasi ya chupa.

"Soma vizuri, mjukuu wangu," akasema mzee mmoja, "usije ukatuzika wote ukabaki na kabichi peke yako."

"Nasoma, babu. Inasema mfunike mdomo. Na usile kabichi mpaka wiki mbili zipite."

"Wiki mbili! Mimi juzi nimepuliza, jana nimechuma."

Wakaangua kicheko, lakini nilimwona yule mzee akitazama kikapu chake kwa wasiwasi, kisha akaenda kukimwaga.

Binti aliponiona aliruka. "Shikamoo, mwalimu." Bibi yake akanipa kigoda. Akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba mkuu alipita na kilo ya sukari, akasema mtoto apumzike nyumbani, siku za mtihani ataumwa tumbo. Aliona ni heshima kubwa, mwalimu mkuu kupanda mlima wote ule.

Binti alinisindikiza mpaka kwenye njia. Akauliza kwa unyenyekevu, kama anavyouliza swali la hisabati:

"Mwalimu, niumwe kweli au nidanganye?"

Sijawahi kuogopa swali la mtoto kama lile. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya mtu shujaa, "Usiumwe na usidanganye. Njoo ufanye mtihani." Halafu nikateremka mbio, kama mtu aliyeiba.

Siku ya mtihani walimu wa darasa la saba hatukuruhusiwa kusogea. Wasimamizi walitoka shule nyingine, na askari mwenye bunduki alisimama kwenye kona ya darasa. Nilikaa kwa mama muuza maandazi kando ya njia, andazi mkononi, sili. Mkuu alisimama getini. Watoto wakapita mmoja mmoja, mashati meupe yamenyooshwa. Binti hakuwamo. Nilianza kuona nafuu, nakwambia ukweli, na ile nafuu ndiyo iliyonitisha kuliko yote.

Ndipo akatokea kwenye ukungu, peke yake, ameshika tumbo.

Nikasimama. "Una nini?"

"Linauma kweli, mwalimu. Sidanganyi." Machozi yalikuwa tayari. "Kuna bunduki pale."

"Hata langu linauma," nikamwambia. "Ingia nalo hivyo hivyo."

Akaingia. Alipita mbele ya mkuu akamwamkia, na mkuu akaitikia, "Marahaba," kwa sauti iliyofifia. Kisha akatazama upande wangu. Hakuligusia jambo hilo, siku ile wala baadaye.

Miezi ya kungoja matokeo nililala vibaya. Yalipotoka, binti alikuwa na D. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Na kinyago kiliondoka kwetu.

Ndiyo, kiliondoka. Shule ya ng'ambo ya bonde ilikuwa imeanguka zaidi, basi sisi tukapanda nafasi moja. Hatukuwa tumefundisha vizuri kuliko mwaka uliopita. Vitabu vilikuwa vile vile, uji ule ule. Walimu wa ng'ambo nawafahamu, wanafundisha kama sisi. Mkuu wetu alikibeba nje mwenyewe, amekikumbatia, na watoto wakashangilia kama tumeshinda kombe. Mimi nilikuwa nafikiria ofisi kinakokwenda. Bado nafikiria. Kwa sababu huko nako kuna mtoto wa mwisho darasani, na kuna mtu ameshaanza kumtazama.

Binti sasa yuko Kihonda kwa shangazi yake, anajifunza ushonaji. Huniandikia meseji ndefu zisizo na nukta hata moja: bei ya vitambaa, ugomvi wa wateja, bibi anaendeleaje. Nazisoma zote mpaka mwisho. Hakuna nafasi kwenye orodha yoyote ya kata inayoonyesha kwamba mtoto huyu alikuja kwetu hajui a.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujalipia sare, nenda shuleni siku ya kawaida isiyo na mgeni. Uliza darasa la saba lilikuwa na wangapi mwezi wa kwanza, na wangapi walikaa kwenye mtihani. Kisha omba mtoto wa darasa la tatu, yule wa nyuma kabisa, akusomee ukurasa mmoja, nawe umsikilize mpaka amalize.