Mama kafunga, kipimo kimeharibika

Leo mama yangu kagoma kunywa alichopewa hospitali, na haki alikuwa nayo.

Siku nyingi sasa tumbo linamjaa na kunguruma kila akinywa chai ya maziwa.
Daktari akataka kumpima: damu ipimwe sukari, anywe kikombe cha sukari ya maziwa, kisha ipimwe tena. Sukari isipopanda, tumbo lake halisagi maziwa.

Sharti moja tu: "Alhamisi uje umefunga."

Jepesi mno. Mama hufunga sunna kila Alhamisi tangu mie sijazaliwa.

Asubuhi nesi akampa kikombe.
"Mie nimefunga, mwanangu."
"Vizuri, bibi. Kunywa."
"Nakwambia nimefunga."
"Ndiyo. Sasa kunywa."

Wakaendelea hivyo mpaka daktari akatoka chumbani kwake.

"Bi Zuhura, mara ya mwisho umekula saa ngapi?"
"Daku. Mkate wa ufuta na chai ya maziwa, birika zima."

(Mie hapo nasoma bango la chanjo ukutani, kwa makini sana.)

Daktari akakiondoa kikombe. "Basi kipimo cha leo hakina maana; nilitaka usile chochote tangu jana usiku. Tujaribu njia nyingine: acha maziwa wiki mbili, hata kwenye chai. Tumbo likitulia, jibu tumelipata."

Mama akanyoosha mkono: "Hii ni sunna tu, mwanangu. Lete hicho kikombe, nafungua."

Kachelewa. Birika lilishatangulia.

Wenye mama wapenda chai, nipeni mbinu, maana mlangoni kaniambia hivi:
"Wiki mbili? Bora Ramadhani, magharibi unapata chai yako."