Mama Aliyekataa Kukaa Katikati

Enzi za utawala wa wanajeshi, filamu za kamera zilikuwa adimu Kampala kama sukari, kwa hiyo niliona uchungu kupoteza hata picha moja. Jumapili za kiangazi nilitoka Kibuli kwa baiskeli, nikaenda mashambani kupiga picha za watu wakianika kahawa. Siku moja mama mmoja alivaa gomesi yake nzuri ili nimpige picha, akatandika mkeka, akaketi ukingoni kabisa.

“Sogea katikati, mama!” nilimwambia kwa ukali. “Nusu ya picha itakuwa tupu.”

Hakusogea.

“Hapa ni pa kijana wangu,” alisema, akiupapasa mkeka kando yake. “Askari walimchukua kabla ya mvua, hajarudi.”

Nilirudi nyuma kidogo ili wote wawili waenee pichani.