Virusi Vilivyosafiri na Figo

Mwaka jana Fatumo, muuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, alimpa mdogo wake Keinan figo moja. Sasa mkojo wa Keinan ulionekana una virusi, na maabara ikaomba mkojo wa Fatumo pia, ilinganishe kama ni aina moja. Kwa wiki mbili Fatumo hakutulia. Mteja akiomba lita moja, anampimia mbili. Je, ndiye aliyempa ndugu yake ugonjwa?

Leo Daktari Kathure alifungua majibu.

"Ni aina ileile, mama. Kumbe vilikuwa vimelala kwenye figo, kama vinavyolala kwa watu wengi. Dawa anazotumia Keinan ili mwili usiikatae figo zimeshusha kinga yake, vikaamka. Figo bado nzima. Tutapunguza dawa kidogo na kumpima kila mwezi."

Fatumo alijifunika uso kwa shela. Keinan, aliyeketi kando yake, akacheka.

"Abaayo, dada yangu, ukambi nilipata kwako. Tetekuwanga, kwako. Leo ndiyo unaona haya?"

"Nyamaza, wewe!"

"Wallahi, figo ingekuja mikono mitupu, ningesema si yako."

Fatumo akacheka, machozi yakimtiririka. Kesho yake sokoni, aliyeomba lita moja alipimiwa lita moja.