Tulivyopeleka Msasa Manga

Mama mkubwa Moraa alikosa raha tangu aliposikia kwamba sanamu ya mwisho ya marehemu mumewe imewekwa kwenye jumba dogo la sanaa na makumbusho huko Manga. Mwingine angefurahi, yeye aliona aibu. Kwao Tabaka wanaume huchonga mawe, na wanawake huyalainisha kwa msasa na maji. Mnunuzi aliichukua sanamu ile wakati wa matanga, siku ambazo mjane hagusi kazi, mgongo wa sanamu ukiwa bado una makwaruzo.

"Watu watasema Moraa ni mvivu," akanilalamikia kwa simu. Nikamwahidi kumpeleka.

Jumapili asubuhi alifika kwangu Keumbu amevaa gauni la kanisani, mkoba umevimba. Jumamosi kwake ni Sabato, hataki kabisa kusikia habari za safari. Nilidhani amebeba ndizi. Kuchungulia mkobani, naona vipande vya msasa, kitambaa na chupa ya maji.

"Mama mkubwa, huko watu huangalia tu."

"Mimi huangalia kwa mikono," akajibu.

Njia ya kwenda Manga ni kupanda na kushuka, majani chai upande huu, migomba upande ule. Tulipanda bodaboda mbili, maana hakutaka kubanwa. Kwenye kila mteremko nilimsikia akimuuliza dereva kama breki zake zimeokoka.

Tulipofika juu, upepo ulikuwa mkali na mabati ya jumba yakilialia. Mhudumu, msichana aitwaye Kemunto, alitusalimia "Bwakire" na kutukaribisha ndani. Kulikuwa na vyungu, vikapu vya wimbi, na obokano, kinubi chetu cha nyuzi nane. Mimi nilitaka kutazama kila kitu. Mama mkubwa alivipita vyote kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Sanamu ilikuwa katika chumba cha mwisho: mwanamke ameketi, amempakata mtoto. Mbele iling'aa. Mama mkubwa akazunguka nyuma, akaguna, na kabla sijasema neno kitambaa kilikuwa kimeshalowa na msasa uko mkononi.

Kemunto akaja mbio. "Mama, tafadhali, hapa hatugusi."

"Msichana wangu, nimekuja kumaliza kazi. Mume wangu alichonga hii, mimi nikalainisha. Mgongo ulikatizwa na matanga."

Kemunto akautazama mgongo wa sanamu. Nilijua tunafukuzwa, na moyo uliniuma kwa ajili ya mama mkubwa.

"Mama," akasema hatimaye, "wageni husimama sana huku nyuma. Huku ndiko alama za kisu cha mumeo zinakoonekana. Weka msasa chini, halafu uguse."

Mama mkubwa akapitisha vidole polepole kwenye makwaruzo. "Alitumia mkono wa kushoto," akaniambia. "Ona yanavyolala." Machozi yakamtoka, naye anacheka. "Kule mbele ni kazi yangu tu. Yeye yuko huku. Na mimi nimetoka Tabaka kuja kumfuta."

Akaukunja msasa, akaurudisha mkobani.

Jioni, tukiwa Keumbu, nilimwambia nilichojifunza safari hiyo: si kila kazi iliyoachwa njiani ni uvivu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda jikoni, akarudi na sufuria yangu iliyoungua tangu wiki iliyopita. Akanikabidhi na ule msasa juu yake.

"Huu ndio uvivu," akasema. "Sugua."