Kapu la Bi Thuwaiba

Siku nilipoanza kazi ya kulinda geti la skuli, kule Mpendae, nilimuona Bi Thuwaiba mlangoni mwa chumba cha kudurufia, mikono myeusi mpaka viwikoni, anapunga karatasi zikauke. Nikamwamkia.

"Marahaba. Usinikaribie tu, utarudi kwenu na alama zangu, mkeo akuulize."

Nikaangalia chini.

Kazi yake ilikuwa kudurufu mitihani. Alichapa stensili, ile karatasi ya nta, kwa taipureta, akikosea herufi anaipaka dawa inayonuka kama rangi ya kucha, kisha anaifunga stensili kwenye mashine na kuzungusha mpini. Mashine ikigonga, hata mimi getini nilijua mtihani umekaribia. Watoto wakigawiwa karatasi walizinusa kwanza, ndipo wasome maswali.

Zilizovuja wino nilizichoma nyuma ya skuli, naye amesimama pale mpaka ziwe majivu. Lakini za mtihani wa dini zilikuwa na aya za Kurani. Hizo hakukubali zichomwe jaani pamoja na takataka. Alizitia kapuni, akazifunika kwa kanga, nami jioni nikampakia kwenye baskeli hadi Chukwani, tukazizamisha baharini na jiwe.

Mwaka mmoja, namngoja getini na baskeli, Mwalimu Amour akamsimamisha.

"Umebeba nini, Bi Thuwaiba?"

"Karatasi mbovu."

"Hebu funua."

"Mwanao anafanya mtihani huu Jumatatu. Sikufunulii."

"Kumbe mitihani yetu hutokea kapuni. Leo nshaona." Alisema kwa sauti ya kufika ofisini.

Mwalimu mkuu hakuwepo. Bi Thuwaiba akarudi na kapu lake, akajifungia chumbani. Kesho yake walimu waliitikia salamu yake juu juu, na mmoja hakuitikia kabisa. Mashine haikulia. Alikaa kitini, kapu mapajani. Mtu aliyeaminiwa mitihani akiitwa mwizi wa mitihani, kazi hana tena, na mtaani atapita vipi?

Mimi si msemaji, na ofisi ile nilikuwa sijapata kuingia. Mwalimu mkuu aliporudi nilibisha hodi, nikasema huku naangalia sakafu, "Baskeli ni yangu. Tunazipeleka Chukwani, tunazizamisha. Ni zile za dini."

Akamwita. Mbele yake Bi Thuwaiba alifunua kapu. Mwalimu mkuu akazipekua moja moja, zote aya na madoa ya wino. Akazirudisha kapuni, akazifunika kwa kanga yeye mwenyewe. Mwalimu Amour alikuja kuomba radhi, akasamehewa. Lakini utani wa pale mlangoni sikuusikia tena.

Fotokopi ilipoletwa, Bi Thuwaiba alistaafu. Mashine ipo stoo, imeshika kutu, na watoto wa sasa hawanusi karatasi.

Mwaka huu nilikwenda kumtazama. Alikuwa kitandani, kukaa hawezi. Akanionesha kapu lile lile chini ya kitanda, limejaa juzuu za Kurani za wajukuu zilizochanika.

"Zipeleke, Pandu. Mimi siendi tena."

Nikalibeba. Nimefika mlangoni, akaniita.

"Naam, Bi Thuwaiba."

"Njiani wakikuuliza umebeba nini, wewe wafunulie."