Siku Port Bell Ilipojiita Nakawa

Niliwahi kuaibika mbele ya wageni kwa uvivu wa dakika tano, tena muda mfupi baada ya kufungua shughuli kwa sala, na kwa kuwa Mungu amenipa miaka ya kutosha kujicheka, acha niyaseme yote.

Zilikuwa siku njema zile, Kampala imetulia baada ya vita, na kompyuta bado ngeni kiasi kwamba watu walivua viatu kabla ya kuingia chumba chake (hata mimi, fundi Mkenya, nilivua). Kampuni yetu ya mizigo ilikuwa na ofisi Nakawa, Naguru kilimani na Port Bell, na kila moja niliiwekea ruta, kile kisanduku kinachoamua ujumbe upite njia ipi. Nilizipenda ruta zile kwa adabu yao: kila moja huwasalimu majirani, kisha hutangaza, "Mimi ni fulani, jirani zangu ni hawa, na njia ya kwenda kwao ina uzito huu," na tangazo hupokezanwa hadi kila ruta ijichoree ramani nzima na kuchagua njia iliyo nyepesi.

Ruta ya Port Bell niliiandaa mwisho, nimechoka, nikanakili mipangilio ya Nakawa na kubadilisha kila kitu isipokuwa namba moja tu, ile ambayo ruta hujitambulisha nayo kwa wenzake.

Siku ya uzinduzi meneja wetu, Mama Nansubuga, alikusanya wageni Nakawa. Nikasali (sala ndefu), nikajisifu kwamba katika mtandao huu hakuna anayepotea, nikawasha. Kwenye skrini Port Bell ikaonekana, ikatoweka, ikarudi, ikatoweka tena.

"Ssebo, ramani yako inacheza ngoma?" akauliza Mama, kwao "ssebo" ni "bwana".

"Ni waya," nikajibu upesi.

Waya zilifungwa na Okello, askari mstaafu kutoka Gulu, baba wa watoto watano, aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi.

"Kama ni waya zake, leo ndiyo mwisho wake hapa," Mama akasema, nami nikamwacha abebe lawama, Mungu anisamehe.

Okello akapanda bodaboda hadi Port Bell. Alipopiga simu, Mama aliiweka kwenye spika, wote wasikie.

"Muzee, waya iko muzuri sana. Lakini nimesoma namba ya hii mashine, ni ile ya Nakawa! Sasa mimi iko wapi? Huko kambini, watu mbili wakiitikia jina moja, sajini anahesabu upya mpaka jioni!"

Wageni wakaangua kicheko. Ndivyo ilivyokuwa: ruta ya Naguru ilisikia Nakawa mbili zenye habari tofauti, ikachora ramani, ikafuta, ikachora. Ningeweza bado kuzungusha maneno, lakini niliwafikiria wale watoto watano.

"Kosa ni langu," nikasema. "Okello hana hatia."

"Na ile sala yote?"

"Ilipaswa kuanza na toba, Mama."

Nikamsomea Okello namba mpya, akaiandika, akaiwasha ruta upya, ramani ikatulia. Kazi yake ikabaki.

Tangu hapo sijanakili utambulisho wa ruta yoyote, wala sitaji waya ya mtu kabla ya kukagua mkono wangu. Sasa Okello amezeeka kule Gulu, na kila Krismasi hunipigia simu.

"Halo, hapa ni Nakawa," husema.

"Hapa pia, ndugu yangu," humjibu, na tunacheka mpaka salio linakwisha.